Suzuki ilianza kwenye uzi, nami naifungulia uzi: kirikuu, Escudo na Jimny zetu za visiwani

Mchukuzi wa Konde (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo.

Nina kirikuu, kigari cha mizigo Suzuki Carry, modeli ya DD51T, injini F6A. Mwaka wa tisa huu niko nayo. Asubuhi samaki kutoka Tumbe kwenda Chake, msimu ukifika karafuu, na baina ya hayo harusi, misiba, saruji, mbuzi, na mara moja jeneza. Wiki iliyopita imeanza kunipigia kishindo. Nikitia gia ya kwanza nikiachia klachi, chini panasema "ko!" mara moja, kisha kimya. Nikirudi nyuma, "ko!" tena. Fundi wa hapa kijijini kanambia gia boksi imekwisha, nitafute nyingine. Bei aliyoitaja ilinifanya niage bila ya kujibu.

Usingizi haukuja, nikakaa na simu nikisoma khabari za hawa waliotengeneza gari hii. Ndipo nikaona nisiyoyajua miaka tisa yote.

Huyu Michio Suzuki hakuwa fundi gari. Alikuwa seremala. Kazaliwa 1887 huko Hamamatsu, Japani, mji wa pwani wenye pamba na wafumaji, na 1909, kijana wa miaka 22, akafungua kiwanda cha vitanda vya mfumi, yaani mashine za kufumia nguo. Inasimuliwa kuwa kitanda cha mwanzo kabisa alimtengenezea mamaake. Baadae alitengeneza mitambo ya kufumia saruni, ikauzwa Asia ya Kusini Mashariki, na saruni na kikoi chetu ni ndugu wa baba mmoja. Kwa hiyo kampuni hii imeanzia kwenye uzi, na mie nimeona niifungulie uzi.

Gari walianza kuzijaribu 1937, vita vikaingia, serikali yao ikasema gari za raia si jambo la lazima, wakarudi kwenye vitanda. Vita vimekwisha, 1951 soko la pamba nalo likaanguka. Hapo ndipo penye kisa ninachokipenda. Mkwe wa Michio, Shunzo, alikuwa mtu wa kuvua samaki. Wanasema siku moja anarudi kuvua kwa baskeli, upepo unamjia usoni, anapiga pedeli hata kifua kinawaka, akawaza: hivi hapa pakiwekwa kijiinjini kidogo? Mwaka 1952 wakatoa baskeli yenye injini ya sisi 36, jina lake Power Free. 1954 wakabadili jina la kampuni kuwa la magari, na 1955 ikatoka gari ya kwanza, Suzulight, injini ya sisi 360. Mwaka 1961 ndipo alipozaliwa babu wa kirikuu yangu, Suzulight Carry.

Sasa nije kwenye lililonikosesha usingizi zaidi ya ile "ko!". Gari hizi Japani ziko katika daraja la gari ndogo lenye sheria yake. Zamani injini isizidi sisi 360, kutoka 1976 ikawa 550, na kutoka 1990 ni 660. Na mzigo wa kigari cha daraja hilo ni kilo 350. Kilo mia tatu na khamsini, jamaa zangu. Mfuko wa saruji ni kilo 50, basi hiyo ni mifuko saba tu. Mie nishapakia 22 kutoka Wete, na juu ya mifuko wamekaa vijana watatu wa kushusha, na mmoja wao mnene.

Naomba mambo mawili. Mwenye kujua hiyo "ko!" anambie kabla sijauza ng'ombe nikanunua gia boksi. Na wenye Suzuki, Unguja na Pemba, semeni zenu zimewafanyaje, na nyinyi mmezifanyaje.

---

Spana 12

Mchukuzi, usiuze ng'ombe.

Mie niko Mwanakwerekwe, gereji ndogo, na hizi kirikuu ndio zinazowalipia wanangu madrasa. Kwa ulivyoeleza, hiyo si gia boksi. Gia boksi ikifa hunguruma, au gia hutoka yenyewe, au huingia kwa kugombana. Kishindo kimoja wakati chombo kinapopokea nguvu, mbele na nyuma, mtizame kwanza krosi, kile kiungo cha propela shafti, chuma kirefu kinachopeleka nguvu toka gia boksi mpaka difu ya magurudumu ya nyuma. Ziko mbili, moja upande wa gia boksi, moja upande wa difu.

Fanya hivi, huhitaji fundi. Paki pahala pa sawasawa, weka mawe mbele na nyuma ya matairi mawili, siyo tairi moja. Toa gia, iwe huru. Ingia chini na jamvi lako, shika shafti kwa mikono miwili uizungushe kushoto na kulia, huku jicho liko kwenye krosi. Shafti ikicheza na kikombe cha pili hakijatikisika, umempata mwizi. Zote mbili zikiwa ngumu, tizama mpira unaobeba gia boksi, na la mwisho ndio difu. Niletee mrejesho.

La F6A nalo, kwa vile umelitaja. Injini hii inatumia mkanda wa taiming, siyo cheni. Ya K6A iliyokuja baada yake, ile ya kwenye Carry mpya zaidi, DA63T, ina cheni. Watu wanachanganya. Anakuja mtu na F6A yake ananambia "hii ina cheni, haikatiki", kwa sababu jirani yake ndivyo alivyomwambia. Mkanda kawaida hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, lakini gari imekuja mkono wa pili, saa ya kilomita hujui imerudishwa na nani, basi ukinunua tu badilisha uanze kuhesabu yako. Na mwenye cheni naye asilale. Cheni inaishi kwa oili. Oili ikigeuka lami, cheni inaanza kulia kama mtu anayetikisa funguo mfukoni. Gari ya mizigo mie naitoa oili kila kilomita 3,000.

Na jengine. Injini iko chini ya siti, mnaikalia. Mtu akihisi joto la makalio anasema ndio hali ya Chake mchana. Siyo. Inua siti utizame. Mpira wa rejeta ukitoboka kidogo tu, maji yanakwenda kimyakimya, silinda hedi ni aluminiamu, inapinda, na hapo ndio unaniletea chombo juu ya kirikuu nyengine.

---

Asiyebabaishwa

Yakhe, Toyota ni Toyota. Nyote mtazunguka na vigari vya bati, mwisho mtarudi Probox. Suzuki ni gari ya mtu anayeanza maisha. Hata spea zake mpaka usubiri boti.

Halafu nyie mnaosifia Wajapani wa Hamamatsu, 2016 hawa walikiri wenyewe kuwa walipima ulaji wa mafuta kwa njia isiyoruhusiwa na serikali yao. 2019 wakaita gari karibu milioni 2 zirudi kwa sababu ya ukaguzi wa kiwandani uliokwenda ovyo. Hilo hukulisoma, Mchukuzi? Au simu iliishiwa chaji?

---

Mchukuzi wa Konde

Nililisoma, na la 2016 wamelipata stahiki yao, mkubwa wao mmoja aliteremka. Sikuja hapa kumpa mtu utume.

Ila kwa hiyo Toyota yako nikupe hadithi. Sakichi Toyoda, baba wa yule aliyeanzisha Toyota, naye alikuwa mtu wa vitanda vya mfumi, tena kazaliwa pande hizo hizo za Hamamatsu. Honda nayo imeanzia huko huko. Kumbe wote hao ni watu wa mtaa mmoja, kama sie tunavyosema fulani wa Kojani.

Na 2019 Toyota wakanunua karibu asilimia 5 ya Suzuki. Basi ile Toyota Starlet mpya iliyoingizwa Afrika Kusini 2020, ukibandua nembo mbele, chini yake ni Suzuki Baleno iliyoundwa India. Toyota Vitz mpya ya huko ni Suzuki Celerio. Toyota Rumion ni Ertiga. Kwa hiyo, ami, ukiikimbia Suzuki angalia usije ukaingia humo humo kwa mlango wa uani.

---

Asiyebabaishwa

Hahaha. Starlet ninayoijua mie ni ile ya miaka ya tisini. Hizo nyengine sizijui na sitaki kujuulishwa.

---

Mama Kodi wa Jambiani

Nami nichangie, maana hapa naona wanaume watupu.

Mie nina Escudo tatu, za milango mitatu, nazikodisha kwa watalii. Mbili ni 1.6, moja ya lita mbili. Watu wananicheka, "Bi, hizi gari za zamani, nunua za kileo." Nawaambia wale wageni hawaji kutafuta siti ya ngozi, wanakuja kutafuta gari ya kupiga picha wakiwa na nywele zinaruka. Na mie natafuta gari ambayo ikiharibika Paje saa mbili usiku, kijana yeyote mwenye spana na tochi ya simu anajua inavyofunguka.

Escudo ilitoka 1988, na nje ya Japani wakaiita Vitara. Jina Escudo ni la sarafu ya zamani, Msumbiji waliitumia mpaka 1980, na marehemu babu alikuwa nazo mbili ndani ya kasha. Chini gari ina chesesi yake ya ngazi, siyo bodi tupu. Zilizotoka kuanzia 2005 chesesi imeunganishwa na bodi, hizo ni gari nyengine, nzuri kwa lami, lakini mie hizi za zamani ndio zinazonifaa.

Sasa maradhi yake, na yote tumeyaleta sisi.

La kwanza ni lile gia dogo la fo wili. Mgeni anakabidhiwa gari, anaona 4H, anasema sawa, hii ina nguvu zaidi, anaitia pale pale Jambiani na anakwenda nayo mpaka Mji Mkongwe juu ya lami kavu. Gari hii ikitiwa fo wili, mbele na nyuma zinafungwa pamoja. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, na hapana pa kupunguza tafauti hiyo. Mchangani tairi inateleza kidogo, mambo yanakwisha. Juu ya lami haitelezi, basi ule ubishi unaingia ndani ya vyuma. Nililipia transfa moja, kile kiboksi kinachogawa nguvu mbele na nyuma, ndipo nikajua. Sasa nimebandika karatasi juu ya dashibodi, nimechora lami nikaikata msalaba mwekundu, nimechora mchanga nikauwekea alama ya ndio. Maneno hawasomi, picha wanaziona.

La pili ni bahari. Pwani yetu ya mashariki nyote mnaijua, maji yakipwa yanakwenda hata huyaoni. Kijana mmoja wa Kizungu na mkewe wakateremsha gari mpaka kwenye mwani wa watu, wakaiacha, wakaenda kuogelea kwenye kina. Maji yana saa zake. Tuliivuta kwa kamba watu kumi na wawili, akina mama wa mwani wakitukana kwa haki yao. Siku ile ile nikaiosha kwa maji baridi mpaka tangi la nyumbani likakauka, nikamwaga oili ya injini, ya gia boksi, ya difu mbili, kila pahala oili imetoka nyeupe kama tui. Ilipona. Lakini kutu ilikuwa imeshaingia ndani ya chesesi, na kutu ya ndani huioni.

Nikufundisheni kuisikia. Chukua nyundo ndogo, ile ya kuvunjia nazi kavu inatosha. Piga chesesi polepole toka mbele kwenda nyuma. Pazima panalia "ngaa". Palipooza panasema "pwa", kama unapiga kibuyu. Kwangu mie palisema "pwa" juu ya gurudumu la nyuma kushoto. Nikaingiza kijiko, kikapenya. Tulikata, tukachomea bamba jipya, na mwaka wa tatu huu inakwenda. Mkinunua Escudo, na mkinunua chochote kilichoishi pwani, msimtizame rangi. Mchukue nyundo.

---

Kirikuu Buguruni

Nasalimu kutoka bara. Huku tunazipakia viazi, magodoro, mkaa, hata ng'ombe mzima nimeona kasimama mle anaangalia foleni.

Naongezea kwa wanaohangaika na spea. Carry ina ndugu wengi wenye majina mengine. Mazda Scrum ni Carry hiyo hiyo, tangu 1989. Nissan Clipper ya kuanzia 2013 ni Carry, na Mitsubishi Minicab ya kuanzia 2014 ni Carry pia. Lakini hapa pana mtego: Nissan Clipper ya kabla ya hapo ilikuwa Minicab ya Mitsubishi, injini ya Mitsubishi. Mimi niliambiwa dukani "Clipper na Carry ni kitu kimoja", nikanunua pampu ya maji, nikafika gereji haiingii hata kwa dua. Muuzaji akasema kitu kikishatoka dukani hakirudi. Nendeni na kile kibovu mkononi, mlinganishe pale pale kaunta.

---

Mwalimu wa Micheweni

Mie si mtu wa mizigo, mie ni wa chaki. Nina Jimny ya injini ya 660, kaka yangu kaniachia alipohamia Maskati. Skuli ninayosomesha iko ndani, na mvua za masika ule udongo mwekundu mnaujua, ukipita kwa viatu unarudi mrefu. Daladala zinaishia barabara kuu. Kigari changu kinapita. Siyo kwa nguvu, hakina nguvu, kinapita kwa wepesi. Hakijui kuzama.

Kwa vile Mchukuzi kapenda historia, na mie nimo. Jimny haikubuniwa na Suzuki toka mwanzo. Kulikuwa na kampuni ndogo Japani inaitwa Hope, ilitengeneza kigari cha fo wili, ikauza vichache mno, ikashindwa. Suzuki wakainunua haki ile, na 1970 wakatoa Jimny ya kwanza, injini ya sisi 359 yenye silinda mbili. Aliyeishikilia ni Osamu Suzuki, ambaye kwa kuzaliwa hakuwa Suzuki hata kidogo. Alikuwa Osamu Matsuda, kamuoa mjukuu wa Michio, akachukua jina la ukweni. Akawa rais wa kampuni 1978, na alifariki Disemba 2024 akiwa na miaka 94. Kwetu mtu akihamia ukweni tunamcheka. Yeye alihamia, akawaendeshea kampuni miaka zaidi ya arubaini.

Huyo huyo ndiye wa Alto ya 1979. Gari ya abiria Japani ilikuwa na kodi yake, gari ya kazi haina. Basi akaitoa Alto ikiwa katika hesabu ya gari ya kazi, siti za nyuma kiduchu, bei yen 470,000, na watu wakazigombania. Nawasomesha watoto hesabu za asilimia kwa mfano huo, wanafahamu mara moja. Mpemba na kukimbia kodi hahitaji mkalimani.

Swali langu. Naambiwa Jimny zinapinduka. Ni kweli?

---

Spana 12

Mwalimu, shikamoo. Gari yoyote nyembamba iliyosimama juu inapinduka ukiipigisha kona kama unakimbizwa. Maneno hayo yalianza Marekani. Huko Jimny iliuzwa kwa jina la Samurai, na 1988 jarida moja la walaji likaijaribu, likasema haifai kwa sababu inapinduka kwa wepesi. Suzuki wakaenda mahakamani 1996, wakasema jaribio limepikwa. Kesi ikavutwa mpaka 2004, wakamalizana bila ya mtu kumlipa mwenzake. Mimi sikuwapo, sijui nani mkweli. Ninachokijua ni kuwa waliopindua hapa kwetu, wote niliowaona, walikuwa wametia matairi makubwa kuliko ya gari ili waonekane, au wanakwenda mbio usiku njia ya Mkokotoni.

Weka matairi ya saizi yake, upepo sawa, na teremka kilima kwa gia. Utazeeka nayo.

---

Asiyebabaishwa

Mwalimu kasema Osamu kaolea ukweni. Mbona hamjasema ndoa ya Suzuki na Volkswagen (VW)?

Mwisho wa 2009 Wajerumani walikubaliana kununua asilimia 19.9 ya Suzuki. Kabla ya miaka miwili kupita wamekwishagombana, Suzuki anasema Mjerumani ananifanya mtumwa, Mjerumani anasema Suzuki ananunua injini za dizeli kwa jirani. Shauri likaenda kwa wasuluhishi wa London, 2015 ikatoka hukumu Mjerumani arudishe hisa. Nimeisoma leo kutwa, nimekosa hata kwenda kazini. Sasa Mchukuzi unaniharibu.

---

Mchukuzi wa Konde

Karibu sana. Tutakutafutia na kirikuu.

---

Ndimu Kali

Naomba ushauri wa haraka. Nataka kuagiza Carry, wakala mmoja hapa mjini ana moja tayari, anasema ya 2012, kilomita 48,000, "haijawahi kubeba". Niingie?

---

Spana 12

Kirikuu isiyobeba ni kama ngalawa isiyolowa.

Tizama pedeli ya klachi, mpira wake ukiwa umelika hata chuma kinaonekana, hizo si 48,000. Tizama ndani ya bodi kwenye kona za mbele, mizigo inagonga pale. Soma kibati cha modeli mwenyewe, usisomewe, ujue ni DA63T au nini, na mwaka wa kutengenezwa uupate kwa namba ya chesesi, siyo kwa mdomo. Wakala akikataa usilale chini ya gari uitizame, basi wewe ukalale kwenu.

---

Ndimu Kali

Nimekwenda. Pedeli mpya inang'aa. Mipira yote mitatu mipya, gari ya miaka hiyo yote! Nimerudi.

---

Mchukuzi wa Konde

Mrejesho, kama nilivyoagizwa, na aibu yangu ndani yake.

Ijumaa baada ya sala nimetandika jamvi, nimeweka mawe kama alivyosema Spana, nimeingia chini. Nikashika shafti nikazungusha. Krosi ya upande wa difu ikafanya "ko", ile ile, safari hii sentimita thalathini kutoka sikioni mwangu. Shafti inakwenda, kikombe kimesimama. Nikamwita mwanangu aje asikie, akasikia, akasema "baba, ndio hiyo unayoitolea ng'ombe?"

Tumeifungua. Ndani ya kikombe panatakiwa kuwe na sindano ndogo ndogo za chuma zimepangana kwenye grisi. Kikombe kimoja sindano zote zimegeuka unga mwekundu, kama pilipili ya kusaga. Nikaumwaga mkononi. Hakuna hata tone la grisi. Sasa najiuliza ile kutu imefikaje pale juu, chombo sikipeleki pwani. Nikakaa chini vile vile nikatizama juu. Maji ya samaki! Barafu inayeyuka njia nzima Tumbe mpaka Chake, maji ya chumvi yanapita kwenye matundu ya bodi, moja liko juu ya shafti sawasawa, yanadondokea krosi kila siku ya Mungu kwa miaka tisa.

Nikapandwa na wasiwasi, nikang'oa ule mpira niliotandika ndani ya bodi "kuihifadhi". Jamani. Chini ya mpira maji yalikuwa yanalala humo, bati limekuwa kama mkate wa kumimina, matundu matundu. Mpira nimeutia kwa mikono yangu na pesa yangu. Nyundo ya Mama Kodi nimeipitisha kwenye chesesi, alhamdulillahi, "ngaa" kote isipokuwa pahala pamoja penye "pwa" kidogo, nimepachora chaki.

Nilichofanya: krosi mbili mpya zimekuja na boti ya Mkoani, nimezifunga na yule yule fundi wa kijijini, hakunitazama usoni. Tundu la juu ya shafti nimeliziba, nimetoboa jengine pembeni nikalichomea kijibomba cha kutoa maji nje ya chesesi. Samaki sasa wanakaa kwenye matenga yenye trei chini. Kila jioni naiosha chini kwa maji baridi kabla sijala, na ikikauka naipaka oili chafu kwa brashi. Na saruji mwisho mifuko kumi. Najua ni saba, Spana usiniandikie. Kumi.

Gharama ya yote haikufika robo ya ile gia boksi.

---

Mama Kodi wa Jambiani

Penye "pwa" usipaache kwa chaki. Masika haisomi chaki.

---

Spana 12

Na hizo krosi ukiona zina kinywa cha grisi, zitie grisi kila ukitoa oili. Vipi, kishindo kimeondoka?

---

Mchukuzi wa Konde

Kimya kabisa. Nimetoka Konde mpaka Chake leo, gia ya kwanza inaingia kama mkono ndani ya mfuko. Kimya mpaka nimeanza kusikia mlango wa kushoto unavyolia, na kumbe unalia tangu zamani.

---

Asiyebabaishwa

Mchukuzi, hiyo DD51T kama hii, mtu akitaka, anaipata wapi? Nauliza kwa ajili ya shemeji yangu.